Magurudumu Manne ya Kiti cha Chef

Benchi la Rugenge, mtaa wa Uvira kando ya ziwa, limepandishwa cheo mara tatu, na wanaolikalia hawajapandishwa hata mara moja. Lilianzia chini, karibu na maji. Ziwa lilipofura mwaka ule, wakalibeba mpaka kando ya barabara. Ziwa likawafuata, wakalibeba mpaka nyuma ya bohari la saruji. Likawafuata tena, ndipo likafika hapa lilipo, ukutani kwa mama Agathe, mahali pakavu penye kivuli cha asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu Agathe hutoka na chupa mbili za kahawa ya tangawizi, sahani ya maandazi, na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri tangu aolewe. Sheria ya benchi ni moja: anayepanda cheo kazini ndiye mlipaji wa kahawa ya wote, mpaka atokee mwingine wa kupanda. Waliitunga kwa mzaha, wakati ambapo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na dalili ya kupanda popote, isipokuwa mlimani kutafuta kuni.

Aliyenaswa na sheria hiyo ni Thaddée. Benki yenye lango la bluu, iliyo hatua mia mbili kutoka hapo, ilimpa barua miaka sita iliyopita: kuanzia leo wewe ni chef de caisse a.i., mkubwa wa makeshia. Alifika benchini siku hiyo ameishika barua kwa vidole viwili, kama mtu aliyebeba yai. Wakaisoma wote, wakaipitisha mkono kwa mkono, wakampigia makofi, wakamwita Chef. Akalipa kahawa. Hajaacha kulipa mpaka leo. Zile herufi mbili ndogo za mwisho hakuna aliyeuliza maana yake, na Thaddée, Mungu amsamehe, hakuona sababu ya kuwachosha watu kwa maelezo.

Katika miaka hiyo sita gérant wanne, yaani mameneja wa tawi, wamekuja na kuondoka, vijana wa Bukavu na wa Kinshasa wenye licence zao, zile shahada za chuo kikuu, mkononi, na kila mmoja wao Thaddée alimfundisha namna ya kufungua coffre, lile kabati la chuma la fedha lenye funguo mbili, mmoja wa gérant na mmoja wa chef. Ule wa chef anautundika shingoni kwa kamba ya kiatu, ndani ya shati, mchana na usiku. Mkewe Consolate husema aliolewa na mume mmoja, akaletewa na ufunguo juu yake, na ufunguo ndio unaomchoma mbavu.

Jumatatu hii Consolate alilipiga shati pasi mara mbili. Tai ilikuwa mfukoni, imekunjwa, maana Thaddée havai tai mbele ya kahawa.

— Chef, leo umevaa sawa siku ya ubatizo, alisema Bienvenu.

Bienvenu ana meza ndogo ng'ambo ya barabara, anabadilisha faranga za Kongo, za Burundi na dola. Salamu yake ya kwanza kila asubuhi ni kiwango cha siku, ndiyo maana wanamwita Taux. Hujihesabu kuwa mtu wa benki naye. Tofauti, anasema, ni paa tu.

— Barua yangu inafika leo, Thaddée alijibu, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi. Gérant aliniambia Ijumaa: Papa Thaddée, Jumatatu kuna habari ya poste, ile nafasi ya chef de caisse, inatoka Bukavu.

— Barua gani tena? aliuliza Ezéchiel. Weye si uko chef tangu zamani? Hii kahawa tunakunywaka ni ya nani?

Ezéchiel ni mtu wa Makobola aliyehamia mjini kuziba mipira ya pikipiki. Jina lake la kijiweni ni Rustine, yaani kiraka cha mpira. Hata mazungumzo huyatia viraka, vya methali, na kama ilivyo kwa mipira yake, si kila kiraka kinashika.

— Ni confirmation, alisema Thaddée. Mambo ya makaratasi.

— Njo banasema, muchimba kisima huingia mwenyewe.

— Ile ni ya muntu mubaya, Rustine.

— Inategemea maji.

Thaddée alicheka, na kicheko kilitoka kirefu kuliko alivyokusudia. Tangu Ijumaa alikuwa hivyo, kicheko kiko karibu. Usiku alilala macho wazi akipanga. Kitu cha kwanza ni Vanessa, binti yake, aliyerudi nyumbani mwaka jana akiwa amebakiza mwaka mmoja wa licence, kwa sababu ada ilimshinda baba yake. Baba yake huyo huyo ambaye mtaa mzima unamwita Chef. Kila asubuhi Vanessa anafagia ua polepole mno, kama mtu anayesikiliza kama ameitwa. Leo, Thaddée alijiambia, nitamwita.

— Bon, alisema Bienvenu. Tuongee ya maana. Chef mwenye confirmation analipwaka ngapi?

— Haisemwake. Mu banki mushahara ni siri.

— Haiko siri, alisema Ezéchiel. Inaonekana na macho. Angalieni chini ya matako.

Agathe alisimamisha chupa.

— Naongea ya kiti, mama Agathe. Shemeki yangu ya Runingu alienda kuomba credit ya mupunga. Alirudi bila credit, lakini alirudi na akili. Aliniambia: ku lango kuna sentinelle, anasimama, hana kiti. Malipo yake kidogo. Kisha kuna caissier, kiti yake ni ya miguu ine, ya mbao, haitembei. Naye hatembei. Kisha unafika ku chef: kiti inazunguka, iko na magurudumu tano. Gérant anatoka mu kiti ya magurudumu anaingia mu gari ya magurudumu. Na yule mukubwa wa Kinshasa iko na ndege, na ndege hesabu mwenyewe. Mu banki bantu banapandaka kwa magurudumu. Minye ni fundi ya magurudumu, sidanganyi.

— Kiti yangu iko na ine, alisema Thaddée.

— Najua. Nilikuja kuitengeneza mwenyewe. Ya tano ilikosekana mu Uvira muzima.

— Miaka tano sasa.

— Natafuta, Chef. Haraka haraka haina baraka.

Kweli, kile kiti kilianguka na Thaddée mara mbili mbele ya wateja, na mara ya pili mama mmoja wa samaki aliyekuja kuweka akiba alizunguka kaunta akamwinua kwa kumshika kwapani. Tangu hapo Thaddée anakalia upande wa kushoto tu. Hata kanisani hukaa hivyo siku hizi, hajui kwa nini watu humwuliza kama mgongo unauma.

— Magurudumu ni ya watoto, alisema Bienvenu. Mushahara ya banki inapimwa kwa baridi. Sikilizeni. Sentinelle anatoka jasho: feza kidogo. Caissier iko na ventilateur: feza kidogo na upepo. Gérant iko na clim, ile mashini ya baridi, anavaa koti mu Uvira hii, na sisi tunapikwa inje. Unapanda Bukavu, kule baridi ni ya Mungu, mushahara inapanda yenyewe. Ku Kinshasa, mu gorofa ya mwisho, bakubwa banavaa koti mbili, banaomba chai ya moto saa sita ya muchana. Na bale benyewe ba banki, kule Ulaya, banakaa mu barafu kabisa.

— Basi mukeke ya mu frigo ya pale port naye ni directeur, alisema Agathe.

— Mama, uza kahawa.

— Nauza. Nauliza tu mushahara ya samaki.

Bienvenu alitaka kujibu, lakini Niyibizi alikuwa ameinua kidole, na Niyibizi akiinua kidole watu husubiri, kwa sababu asiposubiriwa hukishusha na kunyamaza mpaka kesho yake. Huyu ni mtu wa Haut Plateau, shemasi, mwenye fimbo na koti la sufu hata katika joto la Septemba. Hupokea maziwa yanayoshuka kutoka milimani na kuyauza mjini. Wanamwita Maziwa.

— Minye nimetazama ile banki kama natazama ngombe, alisema. Ngombe iko na bantu ine. Kuna mutoto anakamua: mikono yake imejaa maziwa asubui na mangaribi, na hanywi. Kuna mwenye anapima mu bidon: anagusa bidon, haguse maziwa. Kuna mwenye anauza, njo minye: nagusa kifuniko. Na kuna mwenye ngombe. Yeye haguse kitu. Anaulizaka tu, ngombe iko muzima?

— Sasa banki inaingia wapi?

— Caissier anashika feza siku muzima, mpaka vidole vinanuka. Anapata kidogo. Chef anashika mafungu. Anapata kidogo zaidi. Gérant hashike feza, anashika bic, anatia signature. Na yule wa juu kabisa, nakuapia, hajaona noti ya faranga tangu alipooa. Kupanda mu banki ni kuachana na feza, pole pole, mpaka usiguse hata moja.

Waliipima. Ilikuwa na uzito.

— Hapo njo ya wahenga, alisema Ezéchiel. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Caissier achovye, achovye, siku moja...

— Rustine, alisema Thaddée, ile maneno usiiseme karibu na banki. Iko inafungisha bantu.

— Minye nasema ya asali.

— Basi tufanye hesabu, alisema Bienvenu. Kama Maziwa anasema kweli, minye tangu juzi sijagusa feza ya maana. Niko gérant.

— Minye tangu mwezi uliopita, alisema Ezéchiel. Niko directeur wa province.

Niyibizi aligeuza mifuko yote miwili ya koti nje. Ikaanguka mbegu moja ya mahindi.

— Minye niko PDG, alisema.

Wakacheka mpaka Agathe naye akageukia ukutani. Thaddée alicheka kuliko wote, na alipofuta machozi aliwatazama, mmoja mmoja: mkurugenzi mkuu na mbegu yake, mkurugenzi wa mkoa na vidole vyeusi vya gundi, gérant wa meza ya mbao. Aliwapenda. Akaona kwamba siku kama hii, saa mbili kabla ya barua, si siku ya kuendelea kuwaficha watu hawa.

— Chef, alisema Bienvenu, weye uko mule ndani. Sema nani amepata: magurudumu, baridi, ao ngombe?

— Hakuna. Nitawaambia vile banki inalipaka, maana minye nimepita ngazi zote. Niliingia stagiaire, mwanafunzi wa kazi. Stagiaire analipwa tumaini, na tumaini yenyewe inakuja na retard, inachelewa. Miezi nane. Kisha caissier, miaka kumi na ine. Kisha caissier principal: banakuongezea sauti ya kuita wengine, na mushahara ya sabuni mbili. Kisha ile barua mulisoma hapa. Chef de caisse a.i.

— Tunajua.

— Hamujue. A.i. ni ad intérim. Maana yake: kazi ya chef ni yako, makosa ya chef ni yako, ufunguo ya chef ni yako, lakini mushahara ya chef bado inatafuta mwenyewe.

Ilichukua muda kuingia. Iliingia kwa Niyibizi kwanza, maana ndiye aliyeshusha kikombe.

— Inatafuta tangu miaka sita? aliuliza.

— Bukavu iko mbali.

— Weye unalipwa ngapi sasa?

— Ya caissier.

— Na hii kahawa ya kila siku?

— Ya caissier.

Ezéchiel alirudisha andazi la pili kwenye sahani. Lilikuwa limeshaumwa upande mmoja, kwa hiyo Agathe alimsogezea tena bila neno.

— Juu ya nini haukutuambia? aliuliza Bienvenu. Alikuwa karibu na hasira.

— Mulikuwa mumeisha kuniita Chef. Ningesema nini? Muniite Nusu? Thaddée alicheka peke yake. Nyumbani ni vile vile. Ku harusi ya bashemeki bananiweka kiti ya mbele, na kiti ya mbele iko na bei yake. Consolate njo anajua. Kila mwisho wa mwezi ananiuliza: Chef ameleta ngapi, na caissier ameleta ngapi? Namujibu: Chef anakusalimia. Miaka sita nimevaa cravate ya muntu mwingine, ba ndugu, na nimeivaa vizuri. Lakini leo inaisha. Leo barua inafika. Kahawa ya leo nalipa kama Chef, na ya kesho, na ya kesho hiyo nitakunywa mbili na minye, maana tangu zamani nilikuwa nakunywa moja tu ili nyinyi munywe mbili.

Niyibizi alimshika goti, akaacha mkono pale.

Pikipiki ilisimama mbele yao. Akashuka mwanamke kijana, sketi ya kazi, viatu vipya ambavyo vilikuwa bado havijazoea mawe ya Rugenge, sanduku dogo la nguo, na bahasha ya kaki aliyoibana kwapani. Alimlipa dereva, akageuka akaona wazee wanamtazama, akainama kidogo.

— Jambo yenu, ba papa. Jambo mama. Nimetoka ku banki, bado haijafunguka. Sentinelle ameniambia ningoje hapa kwenu.

— Ikaa, mutoto yangu, alisema Ezéchiel akijisogeza. Benchi ni ya wote.

Akakaa kati ya Ezéchiel na Thaddée. Agathe akampa kahawa. Aliipokea kwa mikono miwili. Thaddée hakuwa anatazama mikono, alikuwa anatazama bahasha. Aliijua. Miaka ishirini na mitatu ameona bahasha za aina ile zikiingia ofisini kutoka makao ya Bukavu, zenye mhuri wa zambarau pembeni, zikiwa na majina ya watu wengine. Aliugusa ufunguo kifuani, juu ya shati.

— Unatoka Bukavu? aliuliza.

— Eee papa. Nilifika jana, nimelala kwa tantine, shangazi yangu, kule Kavimvira. Naitwa Laurette.

— Na hii barua ni ya banki?

— Ni ya banki.

— Ya poste ya chef de caisse?

Laurette alimgeukia, akafurahi kama mtu aliyekutana na jirani ugenini.

— Papa, umejua aje? Njo yenyewe.

Bienvenu alipiga paja lake. Ezéchiel akasema yale ya mvumilivu kula mbivu, na kwa mara ya kwanza mwaka huu methali ilikuwa imekaa mahali pake. Thaddée alitoa tai mfukoni, akaivaa pale pale, mbele ya kahawa. Alitaka apokee barua akiwa amesimama, lakini mkono ulitangulia, ukanyooka akiwa bado ameketi.

— Basi lete, mutoto yangu. Umefika.

Laurette aliutazama ule mkono. Hakuelewa. Akacheka kwa aibu, akaikumbatia bahasha.

— Hapana, papa, ni yangu. Njo minye chef mupya. Naanza leo.

Mkono wa Thaddée ulibaki hewani, kisha ukashuka kwenye goti, juu ya mkono wa Niyibizi ambao ulikuwa bado haujaondoka.

Laurette, kama wafanyavyo vijana wakiwa na wasiwasi, akaendelea kusema. Alisema ana miaka ishirini na nane, amekuwa keshia miaka miwili, licence ameimaliza juzi. Alisema hakuwa ameomba Uvira, walimwita tu ofisini wakamwambia kuna nafasi. Alisema mama yake alilia kwa furaha, halafu akalia kwa sababu ya barabara. Alisema usiku wote hakulala.

— Naogopa, ba papa, nawaambia kweli. Na kuna kitu kimoja sikuelewa. Banaandika mu barua kwamba hii poste iko vide tangu miaka sita. Hakuna muntu. Nikasema, aje? Caisse haiwezi kukaa bila chef hata siku moja. Coffre iko na funguo mbili, moja ya gérant, moja ya chef, na zote mbili zinafunga pamoja. Alishusha kikombe akawatazama kwa zamu. Nyinyi munakaa hapa karibu, munaonaka. Miaka sita yote ile, nani alikuwa anafunga coffre kila mangaribi?

Benchi lile lilikuwa limekwisha kujibu asubuhi hiyo kwamba watu hupanda kwa magurudumu, kwamba fedha hupimwa kwa baridi, na kwamba samaki ni mkurugenzi. Bienvenu, ambaye hajawahi kukosa neno hata msibani, alifungua mdomo, akautazama uso wa Thaddée, akaufunga. Ezéchiel alitafuta methali. Ilionekana akiitafuta, midomo ikicheza. Hakuipata. Niyibizi alikuwa akiitazama ile mbegu ya mahindi chini.

Jibu lilikuwa na neno moja, na Thaddée alikuwa nalo mdomoni. Lilimwuma. Alitaka kulisema kwa hasira, alisimamishe pale katikati ya barabara, watu wa Rugenge wote walisikie. Lakini barua ilikuwa na mhuri, na mhuri ulikuwa umesema hakuna muntu, na akiwa na miaka hamsini na miwili hakujua mtu hubishana namna gani na mhuri. Halafu, yule mtoto alikuwa anashika kikombe kama Vanessa. Hakuwa na kosa lolote isipokuwa karatasi ya licence, na karatasi hiyo ndiyo aliyokuwa akiililia binti yake mwenyewe.

Saa ya benki ilikuwa imekaribia. Agathe alianza kukusanya vikombe. Mkono wa Thaddée ukaingia mfukoni wenyewe, kama ulivyozoea. Agathe akampita. Akaenda kusimama mbele ya Ezéchiel, na sinia kiunoni.

— Leo ni weye, alisema.

Ezéchiel hakuuliza. Alivua kofia, na ndani ya utepe wa kofia kulikuwa na noti moja iliyokunjwa ndogo sana, ya siku mbaya. Akaitoa. Bienvenu akalipa yake na ya Laurette. Niyibizi, ambaye mifuko yake ilikuwa bado iko nje kama masikio, aliahidi lita moja ya maziwa, na Agathe akakubali kwa kichwa. Kesho yake, na kesho kutwa, hakuna aliyejua nani atalipa, maana kwa mujibu wa sheria sasa hapakuwa na mtu wa kulipa.

Thaddée alisimama. Alilegeza tai, akafikiri, akaikaza tena. Akachukua sanduku la Laurette kabla yeye hajaliwahi.

— Twende, alisema. Lango la nyuma linafunguliwa kabla ya la wateja. Lakini sikiliza ya coffre, maana gérant wanne wote iliwashinda siku ya kwanza. Ufunguo unaingiza, unazungusha nusu. Usiendelee. Unarudisha nyuma kidogo sana, mpaka usikie inapumua. Kisha unasukuma na bega ya kushoto, na unazungusha yote. Ukitumia nguvu inakataa. Mangaribi, kufunga, ni vile vile, lakini unaanza na bega.

Laurette alikuwa amesimama na bahasha yake. Alimtazama usoni, kisha akaitazama ile kamba ya kiatu iliyotokeza kwenye ukosi wa shati. Hakuuliza tena. Aliitoa bahasha kwapani, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya mkoba ambapo haionekani, na walipoanza kutembea alibaki nusu hatua nyuma yake, kama mtu anavyotembea na baba yake njiani.

Waliobaki benchini waliwasikia mpaka kwenye kona.

— Na kiti, papa? Kuna kiti?

— Kiti iko. Iko na magurudumu ine. Usiegemee upande ya kuume.

Ezéchiel alivaa kofia yake.

— Ile ya tano, alisema, leo nitaitafuta.